Darubini na Dawati

Ndugu zangu wa Kariakoo,

Nakiri kwamba mapenzi yangu kwa anga yamekuwa ya uchoyo. Habari za setilaiti Uhuru, iliyorushwa kutoka baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, nimezifurahia peke yangu miaka mingi.

Mwaka 2021 tajiri wa Marekani, Jared Isaacman, aliizunguka dunia siku tatu na wenzake watatu. Safari hiyo aliifanya ya kuchangisha fedha kwa hospitali ya watoto ya St. Jude, naye akaahidi dola milioni 100.

Mtauliza: mtoto anakaa sakafuni, darubini ya nini? Swali ni la haki. Lakini ni sisi hawa tunaochangia harusi kila Jumamosi, tena kwa kadi!

Basi darubini yangu nitaileta Mnazi Mmoja kila mwezi ufikapo nusu. Taa za mjini huficha nyota, ila mwezi haufichiki. Watoto watatazama bure. Mtu mzima atakayeinama kutazama, kwanza atoe shilingi ya dawati.