Kozi ya Filamu Ianze na Sikio

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeingia darasa la filamu Dar es Salaam au Nairobi haji mikono mitupu. Amekulia kwenye picha za Kihindi, za Kichina na za Kinaijeria, na nyingi alizitazama kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, akiwa amebanana na wenzake kwenye benchi, DJ akitafsiri. Anajua steringi hafi. Anajua pia, ingawa hakuna aliyewahi kumuuliza, jambo ambalo vitabu vya somo hili hulichelewesha: kwamba picha na sauti ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja, na mwenye ujuzi anaweza kuvifumua.

Film Art cha David Bordwell na Kristin Thompson, kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979 na kutumika katika kozi nyingi za utangulizi, kinachambua mbinu nne: mpangilio wa vilivyomo mbele ya kamera, upigaji picha, uhariri, na sauti. Sauti inakuja ya mwisho. Si ajabu, kwa kuwa sinema ilizaliwa bubu. Ndugu wa Lumière walipowaonyesha watazamaji waliolipa viingilio filamu zao fupi mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, hakuna aliyesikika akisema neno kwenye pazia. Hata hivyo, mhadhara huu unadai kwamba kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki mpangilio huo upinduliwe.

Na bubu yenyewe haikuwa kimya sana. Japani ilikuwa na benshi, msimulizi aliyekaa kando ya pazia akieleza kisa na kuwasemea wahusika, na wapo waliokuwa maarufu kuliko waigizaji wenyewe. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mashuhuri, alikuwa benshi, hadi filamu zenye sauti zilipowanyang'anya wenzake na yeye kazi. Ma-DJ watafsiri wa filamu kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wanafanana nao, japo hawakurithishwa na yeyote kutoka Japani. DJ hatafsiri tu. Anamsimanga adui, anawaonya watazamaji kwamba kuna mtu amejificha nyuma ya mlango, anatia mzaha pale mwongozaji alipokusudia huzuni. Wapo wanaomwona kama mharibifu wa kazi ya watu. Darasani ni mali.

Filamu ya kuanzia ni Borom Sarret ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1963. Ni ya dakika kama 20 hivi, kwa hiyo inatazamwa mara mbili ndani ya kipindi kimoja na muda wa kubishana unabaki. Mwendesha mkokoteni wa farasi anahangaika kutwa nzima Dakar, akibeba watu ambao wengi hawana cha kumlipa. Mwishowe abiria aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Polisi anamsimamisha. Akitoa karatasi zake, nishani yake ya vita inadondoka, na buti la polisi linaikanyaga. Abiria ameshatokomea.

Mara ya kwanza darasa litazame filamu hiyo bila sauti. Kila mtu ataelewa kisa, na wengi watadhani wamemaliza kazi. Mara ya pili sauti ifunguliwe. Sauti ya mawazo ya mwendesha mkokoteni ni ya Sembène mwenyewe, iliyowekwa baadaye, kwa Kifaransa. Asiyejua lugha hiyo hana hasara hapa, maana atalazimika kusikiliza mengine. Mitaa ya wanyonge ina muziki wa nyuzi wa Kisenegali. Mkokoteni ukiingia Plateau, unapokewa na muziki wa okestra wa Ulaya. Nchi imepata uhuru tangu 1960, na polisi ni Mwafrika, lakini sikio limeshaambiwa mtaa huu bado ni wa nani. Hakuna mhusika aliyelisema hilo.

Uhariri, mwanga na pembe za kamera zifuate wiki zinazokuja. Vitaeleweka upesi zaidi kwa mtu aliyekwisha kuzoea kuuliza: nani ameweka kitu hiki hapa, na kingekuwa kingine ingekuwaje?

Jaribio la kwanza lisiwe insha ya historia. Mwanafunzi achague dakika mbili za filamu iliyotafsiriwa na DJ, atafute na ile ya asili, kisha aandike, kwa dakika na sekunde, wapi DJ amesema palipokuwa kimya, wapi ameufunika muziki, na kicheko kimeingia wapi. Alama zitolewe kwa ushahidi. Anayeandika kwamba filamu ni nzuri sana na inafundisha jamii arudishiwe karatasi yake, hata kama kweli ni nzuri.