Jina Ulilojipachika Mwenyewe

(Mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Ishaa, Tabora)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, usiku huu tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo: jina ambalo mtu hujichagulia anapofungua akaunti mtandaoni. Jina la kwanza tulipewa na wazazi, kwa dua na akika. Hili la pili mtu hujipa peke yake, chumbani, bila shahidi.

Mji wetu unazijua lakabu. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaishia Ujiji, lakabu ilitangulia kabla ya mwenyewe. Ni wangapi leo wanaolikumbuka jina la Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aliyefariki mwaka 1905? Twamjua kwa jina la Tippu Tip, ambalo mwenyewe alieleza kuwa limetokana na mlio wa bunduki zake. Mtyela, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, anajulikana kwa jina la Mirambo, ambalo huelezwa kuwa na maana ya maiti. Muhammad bin Khalfan wa Ujiji aliitwa Rumaliza, yaani mwenye kumaliza. Wenyewe wamo makaburini. Lakabu zingali hai vinywani mwetu.

Uislamu haukukataza lakabu. Mtume (S.A.W.) alimwita Ali (R.A.) Abu Turab, na Ali akaipenda kuliko majina yake mengine. Lakini yako mambo ya kuchunga.

Kwanza, maana njema. Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila. Vipi basi kijana anayehifadhi Qur'an ajiite Ibilisi au Muuaji ili asifiwe na wenzake?

Pili, jina lisiwe pazia la kudhulumu. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11 na ya 12, tumekatazwa kuitana kwa majina mabaya, kupelelezana na kusengenyana. Anayejificha nyuma ya jina la bandia ili avunje heshima ya jirani yake amewaficha watu, hakumficha Allah. Hata sheria ya nchi yetu ya makosa ya mtandao, ya mwaka 2015, imelifanya kosa tendo la kujifanya mtu mwingine.

Tatu, jina lisiwe la kujitakasa. Bibi aliyeitwa Barra, yaani mwema, Mtume alimwita Zaynab, kwani Allah ndiye anayewajua walio wema.

Hapa naanza na nafsi yangu. Niliporudi kutoka masomoni nilifungua akaunti, nikaandika "Sheikh" mbele ya jina langu. Usiku mmoja dada nisiyemjua akaniandikia: mumewe alitamka talaka kwa hasira, naye hakujua kama ni ya pili au ya tatu. Mume alikuwa njiani kurudi nyumbani, naye alitaka jibu kabla ya alfajiri. Vidole vyangu vikaanza kuandika. Kisha nikaogopa. Mimi nilisomea lugha ya Kiarabu. Sikusomea kuhukumu ndoa, tena bila kumsikia mume. Nikamwomba aende kwa mashekhe wa mji wake, wasikilizwe wote wawili, kisha nikalifuta neno lile. Hadi leo nawafikiria wale niliowajibu kabla yake, walioniamini kwa sababu ya neno moja nililojivika mwenyewe.

Ndugu zangu, mkifika nyumbani fungueni simu zenu, myatazame majina yenu. Kila mmoja ajiulize: mama yangu akiniita kwa jina hili mbele ya jamaa, nitaitika au nitainamisha kichwa? La kuinamisha kichwa libadilishwe usiku huu huu.

Allah atujaalie majina mema na matendo yanayofanana nayo. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.