Ufunguo wa Tangi

Neno letu la leo latoka katika Injili ya Yohana, mlango wa 13. Hapo twasoma jinsi Bwana wetu alivyoinuka mezani, akachukua maji na taulo, akainama na kuwaosha wanafunzi wake miguu kwa mikono yake mwenyewe.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni mikono ya watoto wetu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili katika mtaa mmoja wa mabanda jijini Nairobi. Kila Jumapili nilisimama mlangoni nikawaambia watoto wanyoshe mikono. Mwenye kucha safi aliingia, mwenye mikono michafu alirudishwa. Nilidhani nafundisha usafi.

Jumapili moja alikuja msichana wa miaka kama minane, amembeba mdogo wake mgongoni. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa makaa. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Rudi nyumbani ukanawe." Watoto wakacheka. Akaondoka bila kusema neno. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili.

Ndipo mimi na mama mmoja wa ushirika wa akina mama tukaenda kumtafuta. Mama yake alikuwa akiuza makaa mbele ya nyumba. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Ndani niliona mtungi mmoja wa maji, wa lita 20. Maji hayo alikuwa ameyanunua kwenye kioski, nayo yalikuwa ya kupikia, ya kunywa na ya kumwogesha mtoto mchanga. Mifereji ilipokauka, bei ya mtungi ilipanda. Yule mama akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ulimwambia akanawe. Lakini hukumwambia atanawa kwa maji gani."

Sikuwa na jibu. Maana kando ya kanisa letu kulikuwa na tangi la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Tulilitia kufuli, ili watoto wasichezee maji. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ulikuwemo hata Jumapili ile nilipomrudisha mtoto yule.

Ndugu zangu, katika Marko mlango wa 7 Mafarisayo waliwalaumu wanafunzi kwa kula bila kunawa. Bwana Yesu hakukataza maji. Aliwakemea watu walioshika sana desturi ya kuosha mikono, huku mioyo yao ikiwa mbali na Mungu. Siku ile mlangoni mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini katika Yohana 13, yeye aliye Bwana ndiye aliyebeba maji. Hakuuliza ni nani mwenye miguu michafu zaidi. Aliinama akaosha.

Je, basi tuache kuwafundisha watoto usafi? Hasha! Kuhara kungali miongoni mwa magonjwa yanayowaua watoto wengi walio chini ya miaka mitano. Vijidudu hutoka chooni, hushika vidole, huingia kinywani pamoja na chakula, wala jicho haliwaoni. Kipindupindu kilipozuka tena nchini mwetu mwaka 2022, hakikuchagua kabila wala dhehebu. Kwa hiyo mtoto na ajue kunawa kwa sabuni kila atokapo chooni, kabla ya kula, na baada ya kumsafisha mdogo wake. Asugue katikati ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20 hivi, kisha asuuze kwa maji yanayotiririka.

Lakini tuanze kwa kumletea maji. Sisi tulifungua lile tangi. Tukatengeneza kibuyu chirizi, ambacho hata kanisa maskini laweza kutengeneza. Chukua mtungi mdogo wa lita tano, utoboe tundu dogo karibu na mdomo, uutundike kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili. Funga kamba mdomoni mwa mtungi, na ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto akikanyaga kijiti, mtungi huinama na maji huchirizika kidogo kidogo, wala hashiki kitu kwa mkono mchafu. Tundika sabuni kwa kamba hapo kando, na chini umwage kokoto pasiwe na matope. Maji kidogo hutosha watoto wengi.

Kisha nikarudi kwa yule mama, nikamwomba msamaha mbele ya mtoto wake. Msichana alirudi. Lakini kwa Jumapili nyingi aliingia ameficha mikono nyuma, hata baada ya kunawa. Mikono nilimwezesha kuiosha kwa siku moja. Aibu niliyomtia ilichukua muda mrefu zaidi kuondoka.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, tuliweka mitungi yenye mifereji kwenye milango ya makanisa, maduka na shule. Mingi imeondolewa tangu hapo, na mingine imebaki mikavu. Mtungi mkavu nao hufundisha. Humfundisha mtoto kwamba wakubwa walijali walipoogopa nafsi zao tu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mpendwa msikilizaji, juma hili nenda ukatazame choo cha kanisa lenu na cha shule iliyo karibu. Je, maji yapo? Sabuni ipo? Ni nani ajazaye mtungi, na ufunguo uko kwa nani? Ukiwa ni mzazi, nawa pamoja na mtoto wako, akuone. Kabla hujamkemea mtoto wa jirani, mwendee na maji.

Na tuombe. Bwana Yesu, uliyebeba maji kwa ajili yetu, utusamehe watoto tuliowarudisha mlangoni. Fungua mikono yetu, tufungue na tulichokifungia. Wape wadogo hawa afya, nasi utupe moyo wa kuinama. Kwa jina lako twaomba. Amina.