Kustahili, Kustahiki na Kutuzwa: Lugha ya Mabishano juu ya Tuzo za Filamu katika Nyanda za Juu Kusini

1. Utangulizi

Mwezi Desemba 2021 Bodi ya Filamu Tanzania ilifanyia jijini Mbeya hafla ya tuzo za tamasha lake la filamu. Watu wa Nyanda za Juu Kusini, ambao wamezoea kupokea habari za tuzo kutoka Dar es Salaam, Zanzibar, Lagos au Los Angeles, safari hiyo walipata hafla mlangoni pao. Kila hafla ya aina hiyo hufuatwa na jambo lisiloandikwa katika ratiba, nalo ni mabishano. Washindi wakishatajwa, iwe ni kijiweni Mwanjelwa, ndani ya basi lipandalo mlima Kitonga kuelekea Iringa, au katika mabweni ya vyuo, swali huwa moja: je, alistahili?

Wapo wanaoyaona mabishano hayo kuwa porojo za kupitishia wakati. Mhadhara huu unayaona kuwa data ya lugha, tena data yenye uzito. Hoja yake ni kwamba wabishani aghalabu hawatofautiani juu ya filamu. Wanatofautiana juu ya maana ya neno kustahili, ambalo limebebeshwa maana tatu kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, mara nyingi kila mmoja wao anaihukumu filamu aliyoisikia kwa lugha tofauti na ile aliyoisikia mwenzake, au aliyoisikia jaji. Mambo haya mawili yasipotenganishwa, mabishano hayana mwisho wala faida.

2. Maneno na mizizi yake

Kiswahili kina maneno matatu ya asili ya Kiarabu yanayofanana kwa sauti na kuchanganywa kwa urahisi. La kwanza ni stahili, lenye mzizi mmoja na neno ahali, yaani jamaa au watu wa nyumba moja. Kwa asili yake, astahiliye ni yule anayefaana na jambo, aliye wa jambo hilo. La pili ni stahiki, lenye mzizi mmoja na neno haki. Astahikiye ni mwenye haki ya kudai. Ndiyo maana watumishi husema wanadai stahiki zao. La tatu ni stahi, lenye mzizi mmoja na neno haya, nalo lina maana ya kumheshimu mtu na kumwonea haya.

Katika matumizi ya leo mipaka ya maneno haya imelegea. Meya wa Jiji la Mbeya na yule wa Manispaa ya Iringa huitwa "Mstahiki Meya". Cheo hicho hakina maana kwamba meya anadai malipo fulani, kinamtakia heshima. Kwa umbo neno hilo ni la haki, lakini kwa kazi limehamia upande wa staha. Si ajabu, basi, kwamba mtu asemaye "amestahili tuzo" anaweza kuwa anakusudia mambo yanayotofautiana sana.

Kando ya maneno hayo lipo tuza, lililozaa nomino tuzo, ambalo wengine hulitamka tunza na tunzo. Neno hili linatoka katika uwanja wa ngoma. Kutuza ni kumpa mchezaji au mwimbaji fedha au zawadi palepale anapocheza, mbele ya watu, kwa sababu amempendeza mtoaji. Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa imehifadhi maana hiyo. Ina mambo mawili ndani yake: kuna mchezo ulioonekana, na kuna kwao.

3. Maana ya kwanza: haki iliyolimbikizwa

Mabishano mengi juu ya tuzo za Oscar hutokana na maana ya stahiki. Mfano ulio wazi ni wa Al Pacino na Denzel Washington. Pacino aliteuliwa kwa uigizaji wake katika The Godfather na filamu nyingine za miaka ya 1970 bila kushinda. Mwaka 1993 alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa filamu ya Scent of a Woman. Miongoni mwa walioshindwa mwaka huo alikuwamo Washington, aliyeigiza katika Malcolm X. Washington, ambaye mwaka 1990 alikwishapata tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya Glory, alipewa tuzo ya mwigizaji bora mwaka 2002 kwa filamu ya Training Day. Hadi leo wapo wasemao kwamba Malcolm X ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa zaidi.

Mwalimu wa shule ya msingi Mafinga au Tukuyu halihitaji neno la kigeni ili kuielewa hoja hiyo. Anayo tayari: malimbikizo. Kwa mtazamo huo, Pacino alilipwa mwaka 1993 malimbikizo ya miaka ya 1970, na fedha za kumlipa zikatoka katika mfuko wa mtu mwingine, ambaye naye ilibidi alipwe baadaye. Mbishani asemaye "Washington alistahili tuzo ya 2002" na yule asemaye "filamu ile haikustahili" wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Mmoja anazungumzia stahiki za mtu, mwingine anazungumzia kufaa kwa kazi. Kiswahili kinayo maneno ya kutenganisha mambo haya. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia.

4. Maana ya pili: uahali

Tarehe 2 Machi 2014 Lupita Nyong'o alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave. Alizaliwa Mexico na wazazi Wakenya, akalelewa Kenya. Furaha ya Afrika Mashariki ilikuwa kubwa, na kauli iliyotawala ilikuwa kwamba ni wetu. Filamu yenyewe ni ya Kiingereza, na inahusu utumwa wa Marekani. Wengi waliofurahi walimtuza kwa sababu ya ukoo, na baadhi yao walikuwa hawajaitazama filamu.

Haifai kuikejeli kauli hiyo. Imo ndani ya mzizi wa stahili, na imo ndani ya neno "kwao" la methali. Jamii iliyozoea kuonekana katika filamu za wengine kama mandhari ya nyuma ina sababu ya kufurahi mtu wake anapopita mbele. Hata hivyo, kauli ya uahali si hukumu ya sanaa. Mtu anapoitumia kujibu hoja kwamba mwigizaji mwingine alifanya vizuri zaidi, anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Uahali nao una ngazi. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa. Kabla yake nchi ilikuwa imewakilishwa na Maangamizi mwaka 2001. Hakuna kati ya hizo mbili iliyofika katika orodha ya mwisho ya walioteuliwa. Kwa mtazamaji wa Iringa, Vuta N'Kuvute ni ya kwao kitaifa, lakini sauti yake ni ya Unguja Mjini. Lahaja hiyo ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu enzi za ukoloni, na wakati huohuo, kwa masikio ya bara, ni namna ya kusema ya watu wa mbali. Mtazamaji huyo anaielewa, lakini hajisikii ndani yake.

5. Maana ya tatu: shukrani ya aliyeona

Maana ya tatu ndiyo ya kale zaidi, nayo ni ya uwanja wa ngoma. Pande za Ziwa Nyasa mganda ulichezwa kwa mashindano, vikundi vikiwa katika sare na mistari iliyonyooka. Watazamaji walibishana kwelikweli, lakini walibishana juu ya kitu walichokiona wote, mahali pamoja, kwa saa moja. Wengi wao walikuwa wamewahi kucheza. Tuzo iliyotolewa pale haikuhitaji maelezo, kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walitazamana.

Tuzo za filamu zimevunja uhusiano huo. Mfano wa kushangaza umo katika kanuni za Oscar zenyewe. Ilikuwa mwaka 2025 tu ndipo Akademia inayotoa tuzo hizo ilipotangaza kwamba, kuanzia hafla ya 2026, mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika kipengele chochote bila kuwa ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele hicho. Kwa miongo mingi, sharti hilo halikuwapo katika vipengele vingi. Mzee wa mganda angeuliza: kama hakuutazama mchezo, anatuza nini?

6. Lugha iliyosikika

Swali la mzee huyo lina tawi la kiisimu: kama aliutazama, je, aliusikia? Katika mabanda ya video ya Tanzania, filamu nyingi za kigeni zimefika kwa sauti ya mtafsiri. Huyu hupunguza sauti ya asili, husema juu yake kwa Kiswahili, huongeza methali, mizaha na majina ya mahali panapojulikana. Lufufu wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa sanaa hiyo. Nchini Kenya DJ Afro amejipatia wafuasi wengi. Kijana wa Mbeya aliyeipata filamu kwa njia hiyo akisema mwigizaji fulani alinyimwa tuzo yake, anahukumu uso na mwili wa mwigizaji pamoja na sauti ya mtafsiri. Hukumu yake ni halali, ila ni hukumu ya kazi mbili zilizounganishwa, na mtafsiri hajawahi kuitwa jukwaani.

Upande wa pili, jaji wa kigeni anayetazama filamu ya Kiswahili husoma maandishi ya tafsiri chini ya picha. Tofauti kati ya "shikamoo" iliyotoka moyoni na ile iliyotolewa kwa kejeli haimfikii. Lugha inaweza hata kuamua kama filamu itaingia katika shindano. Mwaka 2019 filamu ya Nigeria, Lionheart, iliondolewa katika kipengele cha filamu ya kimataifa cha Oscar kwa sababu mazungumzo yake mengi yalikuwa ya Kiingereza. Kwa kanuni hiyo, kipengele hicho kinafungua mlango kwa filamu ya Kiswahili, kisha kinaikabidhi kwa majaji wasioisikia.

Hata zilipotengwa tuzo kwa ajili ya lugha, swali halikuisha. Mwezi Machi 2016, katika tuzo za AMVCA zilizotolewa Lagos, Elizabeth Michael alishinda kwa Mapenzi kama filamu bora ya Afrika Mashariki, na Single Mtambalike kwa Kitendawili katika kipengele cha filamu ya lugha ya Kiswahili. Kipengele kinapotaja lugha, je, lugha yenyewe inapimwa? Ubora wa mazungumzo, ulinganifu wa lafudhi na nafsi ya mhusika, uteuzi wa msamiati: hayo ni mambo ambayo mwanaisimu angetarajia yawe na alama zake katika karatasi ya jaji.

Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapohusika moja kwa moja. Katika vichekesho vingi vya Tanzania, msichana wa kazi za ndani hutambulishwa kwa lafudhi inayodaiwa kuwa ya Iringa. Mwigizaji huchukua sifa mbili au tatu za matamshi, kama kuweka l mahali pa r, na watazamaji wa mjini hucheka na kusema ameigiza kama mwenyewe. Ni wasemaji wa Kihehe na Kibena wenye uwezo wa kusema kama uigizaji huo ni wa kweli, na ndio wasioulizwa. Wao wamegeuzwa kuwa kipimo cha kichekesho, hali walistahiki kuwa waamuzi wake. Mtoto wa Iringa anayejifunza kwa njia hiyo kwamba lafudhi ya mama yake ni ishara ya ujinga amepata hasara ambayo hakuna tuzo itakayoifidia.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba swali "alistahili?" ni maswali matatu: alikuwa akidai haki ya siku nyingi, ni wa kwetu, au mchezo huu tuliouona ulitupendeza kuliko mingine? Kila swali lina jibu lake, na jibu la moja haliwezi kulifuta la jingine. Imeonyeshwa pia kwamba hakuna jibu litakalosimama bila kueleza msemaji aliisikia filamu kwa lugha gani, na kupitia kwa nani.

Idara za Kiswahili zina kazi ya kufanya hapa. Wanafunzi wafundishwe kunukuu mazungumzo ya filamu kama wanavyonukuu masimulizi ya wazee, lafudhi zikiwemo. Wafundishwe kutafsiri filamu kwa maandishi, ili jaji wa mbali asome kitu kilicho karibu na kilichosemwa. Waandike uhakiki wa filamu kwa Kiswahili unaotaja waziwazi ni maana ipi ya kustahili inayotumika. Na mwigizaji wa Dar es Salaam anapopigiwa makofi kwa lafudhi ya Iringa, awepo mwanafunzi wa Iringa mwenye msamiati wa kueleza, kwa hoja na bila ghadhabu, ni matamshi gani yamepatia na ni yapi yamekosea.