Kwa Nini Ghorofa ya Marehemu Baba Haiuziki

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa mwaka wa waliosoma zamani)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kunitaka nizungumze, alisema nichague jambo lolote litakalowafaa vijana na lisiwachoshe wazee. Nilifikiri kwanza niseme juu ya utumishi wa serikali. Lakini hotuba za namna hiyo vijana mmekwisha kuzisikia nyingi, na wazee mmekwisha kuzitoa nyingi zaidi. Kwa hiyo nimechagua jambo ambalo limeninyima usingizi tangu 2019. Nalo ni ghorofa ya marehemu baba, iliyo papa hapa mjini Tanga, ambayo tunataka kuiuza na haiuziki. Nawaomba msiogope, sikuja kutafuta mnunuzi. (Kicheko.)

Baba alikuwa karani. Alistaafu 1994, mwaka ule ule nilioingia kidato cha kwanza katika shule hii. Alipopata kiinua mgongo chake, wenzake walimshauri anunue nyumba ya Kiswahili Ngamiani, katika zile barabara zetu za namba. Hakutaka. Alikuwa amepanga vyumba vya watu maisha yake yote, akatamani kukaa juu, apate upepo wa bahari na aone meli ikiingia. Basi akanunua ghorofa ya pili ya jengo moja la zamani katikati ya mji. Chini kulikuwa na duka, ghorofa ya kwanza familia moja, na ya pili sisi. Mwenye jengo alikuwa anahama nchi. Aliliuza vipande vitatu kwa watu watatu, kila mmoja akaandikiwa mkataba wa mauziano, ukapigwa muhuri, wakapeana mikono, naye akaenda zake.

Napenda mwelewe kwamba baba hakudanganywa. Fedha alilipa kwa haki na nyumba alikabidhiwa kwa haki. Kwa miaka 24 tulikaa bila ya shida yoyote. Shida ya ghorofa ya namna hii haionekani siku ya kuinunua, wala siku za kuikaa. Huonekana siku ya kuiuza.

Baba alifariki 2018. Mama akabaki juu peke yake, na magoti yake yakaanza kumkatalia. Kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani ni vidato 43. Mwanzo alikuwa akishuka kila siku, baadaye mara moja kwa wiki, kisha akawa hashuki ila kwa msiba. Mwaka 2019 alikaa miezi saba hajakanyaga ardhi. Mwanamke aliyezaliwa Pangani, akakulia uwani na kuku miguuni pake, akawa anautazama mji kwa dirishani. Tukakaa kikao sisi watoto wanne, tukakubaliana tuiuze ghorofa, tumnunulie mama nyumba ya chini yenye baraza.

Wakaja wanunuzi watatu. Nitawaeleza mmoja mmoja, maana kila mmoja alinifundisha somo ambalo Chuo Kikuu sikulipata.

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara kutoka Korogwe, mtu wa fedha taslimu. Aliipenda nyumba, akasimama dirishani, akasifu upepo. Kisha akauliza, "Hati iko wapi?" Tukamtolea mkataba wa 1994. Akausoma wote, akaukunja vizuri, akaturudishia. Akasema, "Wanangu, haya ni maneno ya baba yenu na mtu mwingine. Mimi nauliza hati." Akaaga.

Mzee yule alikuwa na haki. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda, na ushahidi wa haki hiyo ndiyo hati. Jengo letu lina kiwanja kimoja, na kiwanja kina hati moja, na hati ile hadi leo ina jina la yule bwana aliyehama. Mwaka 1994 hapakuwa na sheria mahsusi ya kukata jengo moja katika sehemu, kila sehemu ikawa na hati yake. Sheria hiyo, yaani sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, ilitungwa 2008. Jirani zetu wa Kenya waliitunga ya kwao 1987, na ilipofika 2020 wakalazimika kuitunga upya. Utaona basi kwamba jambo hili si jepesi kwa mtu yeyote.

Hapa napenda niwakumbushe vijana historia kidogo. Kwa nini sisi watu wa Tanga hatukuzoea kuuliza hati ya ghorofa? Kwa sababu kwa muda mrefu ghorofa za mjini hazikuwa za kuuzwa. Mwezi wa Aprili 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo katika mawazo ya wengi wetu ghorofa ni kitu cha kupanga, na kodi yake hulipwa ofisini. Jengo letu lilikuwa dogo, likabaki kwa mwenyewe. Wazee wetu waliponunua vipande vya majengo kama lile, walinunua kwa desturi ya kununua shamba la minazi: mashahidi wawili, maandishi, na imani. Shamba la minazi lina mpaka wake ardhini. Ghorofa ya pili mpaka wake uko hewani.

Mnunuzi wa pili alikuwa mwalimu kijana, yeye na mkewe. Hao hawakuwa na fedha mkononi, walikuwa na mshahara. Walikwenda benki kuomba mkopo wa nyumba. Serikali imejitahidi katika jambo hili. Mwaka 2008 ilipita sheria ya mikopo ya nyumba, na 2010 ikaanzishwa kampuni maalumu ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Lakini benki haikopeshi kwa mkataba wa kuandikiana. Hutaka rehani, na rehani hushikwa juu ya hati. Yule mwalimu alirudi siku ya tatu, akasema kwa adabu, "Kaka, nyumba yenu tumeipenda, ila benki imesema haipo." Mimi nimekulia ndani ya nyumba ile, na benki inasema haipo!

Hapo ndipo nilipoelewa hesabu yake. Nyumba isiyo na hati huuzwa kwa mwenye fedha taslimu peke yake. Na mwenye fedha taslimu katika mji wetu, ukimpa nafasi ya kuchagua, atanunua nini? Atanunua nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani jiko na kisima, mbele baraza. Chumba kimoja atakaa, vitano atapangisha. Mtoto akioa, ataongeza chumba uwani. Nyumba ikianguka kabisa, kiwanja kinabaki. Mimi namwuzia upepo na vidato 43.

Mnunuzi wa tatu alikuwa mzee wa makamo aliyekuwa fundi ujenzi. Huyu hakuuliza hati kwanza. Aliingia, akatazama juu, akanyoosha kidole. Saruji ya dari ilikuwa imebanduka, nondo zimeonekana, nyekundu kwa kutu. Mnajua chumvi ya bahari inavyofanya kazi hapa kwetu. Hupenya katika saruji kidogo kidogo, nondo zikashika kutu, na nondo yenye kutu huvimba ikaipasua saruji. Maji ya mvua yakipata njia ya paa, kazi hiyo huenda mbio. Mzee akauliza, "Paa hili la nani?"

Tukatazamana. Ndugu zangu, lile swali hatukuwa na jibu lake. Paa la nani? Sisi tuko chini yake, lakini mvua ikipita kwetu itafika kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, na ikipita kwake itafika dukani. Akaendelea, "Na ngazi je? Na tangi la maji? Na shimo la maji machafu? Na umeme wa pampu, nani analipa?" Hata kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia luku, imetuletea maneno na majirani, maana kila mmoja husema imekatwa zaidi kwake. Mzee yule akasema, "Ninyi mnauza vyumba. Mimi nikinunua, nitanunua na ugomvi." Akashuka.

Sasa vijana, fikirieni bweni lenu. Kitanda ni chako na sanduku ni lako. Lakini sakafu ya katikati, choo na bomba ni vya nani? Ni vya wote. Je, huwa vichafu? Enzi zetu havikuwa vichafu, kwa sababu kiranja alibandika zamu ukutani, na aliyekosa zamu alijua kitakachompata. Jengo letu watu wazima watatu, wenye heshima zao, tumekaa miaka zaidi ya 20 bila zamu. Hatukugombana, kila mmoja alifagia mlangoni kwake. Lakini paa halina mlango, basi halikufagiwa na mtu.

Hili ndilo neno langu la leo. Ghorofa hukataa kuuzika si kwa sababu vyumba vyake ni vibaya. Hukataa kwa sababu nusu ya thamani yake iko katika vitu vya shirika, na ushirika huo haukuandikwa mahali popote. Ile sheria ya 2008 inataka mambo mawili makubwa: ramani inayoonyesha sehemu ya kila mtu na sehemu za wote, na umoja wa wenye sehemu wa kusimamia hizo za wote. Kwa maneno ya bwenini, inataka kila kitanda kiwe na namba na zamu ibandikwe ukutani.

Nisije nikawalaumu wengine nikajisahau. Kosa letu pia tulilifanya. Mwaka 2017 lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu, kila mwenye banda Tanga alipandisha bei, akingoja wageni wa mafuta. Tulipoanza kuuza, nasi tulipanga bei kwa habari za kijiweni. Tukawapa madalali watatu kazi moja, kila mmoja akaweka cha juu chake, ikawa nyumba moja ina bei tatu mjini. Mnunuzi akisikia bei tatu hujua kuna jambo. Tena sisi warithi hatukuwa tumefungua mirathi. Mama ana thumuni yake, na sisi wanne tuna mafungu yetu, lakini hapakuwa na msimamizi mmoja aliyeteuliwa na mahakama kutia sahihi. Yule mfanyabiashara wa Korogwe hata angekubali mkataba, angelipa nani?

Mtauliza tumefika wapi. Mirathi tumefungua, na dada yetu mkubwa ndiye msimamizi. Tumekaa na majirani, tukachanga, paa limezibwa na nondo zimesuguliwa na kufunikwa. Tuna daftari la michango, na zamu tumebandika ngazini. Watoto wa yule bwana aliyehama tumewapata kwa barua. Baba yao amefariki, nao wamekubali kumpa mtu uwakilishi wa kutia sahihi huku. Mpima amekuja mara moja. Hati bado. Yumkini itachukua mwaka mwingine, yumkini miwili.

Ghorofa tumempangisha daktari kijana anayepanda vidato 43 huku akiimba. Kwa kodi yake tumempangia mama vyumba viwili vya chini huko Ngamiani. Siku ya kwanza alikaa barazani tangu alasiri hadi Magharibi, akawa anajibu salamu za kila anayepita. Hakusema neno juu ya nyumba, na mimi sikumuuliza.

Namaliza kwa maombi mawili. Kwenu vijana: mkienda likizo, waulizeni wazazi kwa adabu maswali matatu. Karatasi ya nyumba iko wapi? Ina jina la nani? Na vile tunavyotumia pamoja na jirani, tumeandikiana wapi? Msiulize kama warithi wenye haraka, mtafukuzwa. (Kicheko.) Ulizeni kama watu wanaosoma.

Kwenu wenzangu: katika ukumbi huu naona mawakili wawili, mpima ardhi mmoja, na watumishi wa ardhi ambao sitawataja wasije wakanikimbia. Naomba umoja wetu utenge Jumamosi moja kila mwaka, tukae hapa shuleni, wazazi walete karatasi zao wasomewe na waelezwe bure zilivyo. Jengo la shule tulilipaka rangi mwaka juzi, nalo limependeza. Kazi hii haitaonekana kama rangi, lakini itamwokoa mama wa mtu.