Mgonjwa Wetu Uskoti

Tulipokuwa Glasgow tukijifunza uuguzi, mwenzetu alishikwa na tumbo usiku, akajikaza kiume. Tukapiga simu nambari 111. Baada ya maswali mengi tukaamriwa kumpeleka hospitali upesi. Hakudaiwa fedha mlangoni, maana huko, tangu tarehe 5 Julai 1948, matibabu hulipiwa kwa kodi; na tangu mwaka 2015 mwanafunzi mgeni hutoa ada yake anapoomba viza. Lakini daktari alikataa katakata kutueleza ugonjwa pasipo ruhusa ya mgonjwa. Kwetu wazee ndio huambiwa kwanza! Tuliudhika. Alfajiri akapasuliwa. Alipoamka alitwambia mwenyewe kuwa ni kidole tumbo, akatusihi tusimwandikie mama yake mpaka atembee. Nasi tukanyamaza siku sita.