Petroli ya Mashindano Ndani ya Probox
Kila EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei za mafuta tarehe 14 ya mwezi, huzuka swali: je, petroli ya oktani ya juu, kama ya magari ya mbio, itaipa Toyota Probox nguvu zaidi kwenye milima ya Kisii na Nyamira? Haitaipa. Oktani haipimi nguvu. Hupima uwezo wa petroli kustahimili kubanwa bila kujiwasha kabla ya cheche ya plagi. Injini ya Probox ya lita 1.5 iliundwa kutumia petroli ya kawaida ya Japani, ya oktani 90 hivi. Tena mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nyamira juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi, injini isiyo na turbo huvuta hewa kidogo, mgandamizo hupungua na haja ya oktani hushuka. Gari likichoka likipanda kuelekea Keroka, kilichopungua ni hewa.

Mwenye Subaru ya turbo atapinga, na ana haki: kitabu cha gari lake hudai oktani ya juu. Wengine husema mafuta ghali husafisha injini. Kinachosafisha ni kemikali zilizoongezwa, wala si oktani. Linalonitia wasiwasi hasa ni kwamba baadhi ya petroli za mashindano bado zina madini ya risasi, ambayo Kenya iliiondoa vituoni kufikia 2006. Risasi huharibu kataliti na sensa ya oksijeni, kisha hutoka kwenye ekzosi na kuwafikia watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule. Pesa za kununulia petroli hiyo ghali zinunue plagi mpya na kichujio cha hewa.